Turubai la Arobaini

Jeneza la Mzee Januari lilikuwa limefika nusu ya kaburi, kamba zingali mikononi mwa wanaume wanne, honi ya shuleni ilipolia.

Hakuna aliyesubiri kuuliza. Watu wa mradi wa tahadhari ya maporomoko walikuwa wamewakusanya wanakijiji wa Malindi, huku milimani Lushoto, wakawafundisha kwamba honi ikilia, mtu aache alichoshika apande kanisani, kwa maana mlima unakuja. Walifanyishwa hata mazoezi, wakapanda wakicheka na kutaniana nani ana pumzi na nani hana. Siku hii utani haukuwapo. Wanakwaya waliangusha vitabu, mchungaji akakunja joho lake hadi magotini, na wale wanne wakaachia kamba. Jeneza lilitumbukia upande mmoja, likabaki limeinamia kichwani. Sefania alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikimbia kama wenzake.

Huko juu kanisani, watu walipokuwa wakihema na kuitana majina, mkewe Raheli alimshika mkono.

"Mama yuko wapi?"

"Si alikuwa na wewe?"

"Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Mama alikaa pale mbele, karibu yako."

Wakatazama chini. Kando ya kaburi, kwenye benchi la wafiwa, alibaki mtu mmoja tu, amejifunika kitenge, fimbo mapajani. Bibi Sesilia hakuwa na miguu ya kukimbia, na hapakuwa na mtu duniani aliyeijua miguu hiyo kuliko mwanawe.

Sefania alirudi chini mbio, honi ikiendelea kulia. Alipomfikia, mama yake alimwelekeza kaburini kwa fimbo.

"Mnyoosheni mwenzenu kwanza," akasema kwa Kishambaa. "Amelala vibaya."

"Mama, twende."

"Nenda wewe. Mimi nimeshakaa naye mpaka sasa, siwezi kumwacha katikati."

Sefania alisimama pale akilia kwa hofu na aibu, mtu mzima mwenye wajukuu. Mlima haukuja.

*

Sababu ilijulikana jua halijatua. Jackline, afisa wa mradi, alikuja kwa bodaboda kutoka Lushoto mjini, akapanda moja kwa moja hadi kwenye shamba la Sefania. Huko, kwenye tuta la juu, ndiko kilikofukiwa kifaa: bomba la chuma lililozama ardhini, na juu yake kibao kidogo cha sola. Kazi yake ilikuwa kupima maji yaliyomo udongoni na kupeleka habari ofisini kwa mtandao. Udongo ukilewa maji kupita kiasi, honi ya shuleni ililia yenyewe.

Hatua chache kutoka kwenye bomba, mpira wa kumwagilia ulikuwa bado unazungusha maji juu ya karoti.

"Shikamoo, baba," Jackline alisema.

"Marahaba."

"Huu mpira umeufungulia saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Huwa nausogeza sogeza. Leo nilikuwa na msiba, nikausahau hapo."

"Kifaa kimeona maji mengi, kikapiga honi. Chenyewe hakijui kama ni maji ya mvua au ni ya mpira wako."

Nusu ya kijiji ilikuwa imewafuata hadi pale, wengine na udongo wa kaburi viatuni. Mwenyekiti wa kitongoji, Anord, alikohoa.

"Kwa hiyo tumekimbizwa na karoti?"

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Jackline hakucheka. Alifungua kishikwambi chake, akamwonyesha Sefania ramani ya mlima, nyumba zote zikiwa vidoti. Vingi vilikuwa vya kijani, vichache vya njano. Chini kabisa ya mteremko kilikuwapo kimoja chekundu.

"Hii ni nyumba ya mama yako. Kifaa kimewekwa hapa kwa ajili yake kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo kisimwagiwe maji, kisiguswe, mtu asikisogelee. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana."

Alijibu kama mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa, naye binti yule alikuwa na umri wa mtoto wake wa kwanza. Watu wa kwingine wakiaibika husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Kwenye milima hii hakuna anayethubutu kusema hivyo. Sefania alifunga maji, akakunja mpira, akateremka kwenda kusaidia kumlaza Januari upya.

*

Kuanzia siku hiyo wakamwita Karoti. Vijana wa kijiweni waliigiza mlio wa honi akipita. Raheli alipopeleka mboga sokoni, wanawake waliuliza kama karoti za leo zinalia au zimenyamaza, na mmoja akazigonga kwa kucha akasikiliza. Raheli alicheka nao, kwa sababu anayetaka kuuza hana namna nyingine, kisha akafika nyumbani akaitupa ndoo tupu uani na kumnunia mumewe mpaka wakati wa kula.

Maneno ya watu yangezoeleka. Kilichomnyima Sefania raha ni lile jeneza lililoinama. Akasema lazima waende kuomba radhi kwa wafiwa, wakabeba sukari, unga na mchele, wakashuka kwa Bertha, mjane wa Januari.

Bertha alikuwa ameketi mkekani, kichwa amekifunga. Alipokea vitu vyao kwa mikono miwili, akasikiliza maneno yao yote mpaka mwisho.

"Sina kinyongo na ninyi," akasema. "Mama yako alikaa na mume wangu sisi wote tulipomkimbia. Hilo sitalisahau mpaka nakufa. Ila nina ombi moja, Sefania."

"Sema, mama."

"Ile honi isilie tena mpaka arobaini ipite. Nikiisikia nitamwona tena vile alivyolala. Mtuache tumalize msiba wetu. Baada ya hapo ilie itakavyo."

"Haitalia," Sefania alisema.

Njiani Raheli hakuvumilia hata wafike mbali.

"Umeahidi kitu ambacho si chako."

"Kiko shambani kwangu."

"Kiko shambani kwako, lakini mvua ni yako? Vuli hiyo inakuja. Mpigie yule binti, umwulize cha kufanya."

"Anigombeze tena mbele ya watu? Si umemsikia, amesema nisikisogelee."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeshasema mbele ya mfiwa. Unataka nirudi nikamwambie nini?"

Kumvunjia ahadi mtu aliyeketi mkekani ni jambo zito, na Raheli alilijua hivyo hivyo kama mumewe.

*

Mawingu yalipoanza kushuka, Sefania alipanda shambani na turubai walilokuwa wakianikia maharage. Akalitandaza juu ya kifaa na sehemu kubwa ya tuta, akalikandamiza kwa mawe, akaacha kibao cha sola kichungulie nje ili ofisini waone kwamba kifaa kiko hai. Kisha akachimba mfereji nyuma yake wa kuyapeleka maji pembeni. Mfereji ulikaa vizuri sana. Alikuwa mkulima hodari, na alifanya kazi ile kwa uangalifu wote anaomfanyia mgeni wa heshima.

Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka arobaini.

Bibi Sesilia hakuambiwa. Tangu siku ya maziko alikuwa amekiamini kile chuma kuliko wote. Wengine walikicheka, yeye alisema kimefanya kazi yake, kilisikia maji kikasema maji. Kilichomuuma ni miguu yake. Basi kila asubuhi, kabla ya uji, alitoka na fimbo akafanya mazoezi: kutoka mlangoni hadi kona ya migomba, ambako njia ya kanisani inaanza, halafu anarudi. Alisema mtu akiweza kufika migombani, amekwisha toka kwenye njia ya mlima, na yeye anataka siku nyingine asiwe mzigo kwa mtu.

Sefania alimkuta asubuhi moja akipumzika katikati ya njia, ameegemea fimbo, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimefika migombani, nimepumzika mara moja tu. Umeona?"

"Nimeona."

"Nikisikia ile honi naondoka hapo hapo. Sisubiri mtu. Chuma kinasemaje?"

"Kimetulia, mama."

"Basi na mimi nalala usingizi."

Raheli, aliyekuwa akichota maji, aliyasikia hayo. Mchana alimwambia mumewe amhamishe mama aje kulala kwao. Sefania akaenda kumwomba. Mama yake akasema atahama baada ya arobaini, hawezi kufunga vyombo kijiji kingali msibani, watu watasema sasa na yeye amemkimbia Januari.

*

Arobaini ilifika na mvua. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na usiku wa kabla yake pia, mvua ile nene isiyo na ngurumo. Sefania alikuwa anafunga tai simu ilipoita.

"Baba Sefania, shikamoo. Ni Jackline wa mradi."

"Marahaba, binti."

"Nina wasiwasi kidogo. Vifaa vya milima mingine vinapanda tangu jana, chako kimelala pale pale. Kinasema udongo ni mkavu. Huko kwako hainyeshi?"

Sefania alitazama dirishani. Maji yalikuwa yakipita uani yenye rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani.

"Huku ni manyunyu tu," akasema.

"Manyunyu?"

"Si unaijua milima yetu. Inanyesha ng'ambo, huku watu wanaanika nguo."

"Haya, nashukuru, baba. Nilitaka nije, ila kama ni manyunyu basi."

Alipoweka simu mezani, Raheli alikuwa amesimama mlangoni.

"Sefania."

"Ni leo tu. Tukitoka kwenye chakula napanda kulifunua turubai."

"Basi tumchukue mama."

Walishuka wote wawili. Bibi Sesilia alikuwa amevaa kitenge kipya cha kwenda arobaini, lakini alipoona njia ilivyogeuka tope, akarudi kuketi.

"Niombeeni radhi kwa Bertha. Miguu hii na utelezi huu hatuelewani."

"Nitakubeba, mama," Sefania alisema.

"Unibebe na hiyo suti? Watu watamcheka nani, mimi au wewe? Chuma kinasemaje?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Raheli alimtazama mumewe, akangoja. Maneno yenyewe hayakuwa mengi, mama yake angemwita mjinga, angempiga hata fimbo ya mgongo, kisha angepanda mgongoni kwake na kelele zake zote. Sefania alitazama viatu vyake.

"Kimetulia," akasema.

"Nendeni basi. Kikilia nitasikia."

*

Wakiwa katikati ya wimbo wa pili walisikia mshindo, kama lori linalomwaga kokoto, na madirisha ya kanisa yakatikisika. Watu waliinua vichwa. Wakatega masikio kusikiliza honi. Honi haikulia, basi wakaendelea kuimba.

Raheli peke yake aliacha kuimba. Alipita katikati ya viti akimkanyaga kila mtu, akatoka nje, na sauti yake ndiyo iliyowatoa wengine.

Mteremko ulikuwa umekatika chini tu ya tuta la kifaa. Migomba, kahawa, na nyumba ya Bibi Sesilia havikuwapo. Palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, ukiendelea kujisogeza polepole kama uji. Wanaume walichimba kwa majembe na kwa mikono wakiwa na nguo zao za kanisani. Sefania alichimbia pale nyumba ilipokuwa, kitandani, jikoni, kila mahali alipojua mama yake hukaa, akimwita.

Hakuwa huko. Anord ndiye aliyemwona, amefukiwa mbali na nyumba, kwenye iliyokuwa kona ya migomba, ukingoni kabisa mwa udongo. Fimbo ilikuwa mkononi. Alikuwa amesikia kitu, au amehisi, akatoka mwenyewe bila honi, akafika pale alipozoea kufika. Hatua chache mbele yake majani yalikuwa yamesimama, hata kuinama hayakuinama.

*

Jackline alifika alasiri. Alimpa Sefania pole, kisha akatazama kishikwambi chake, akatazama mlima, akatazama tena kishikwambi. Kilikuwa bado kinasema pakavu. Akauliza kama anaweza kupanda, na Sefania akasema atampeleka.

Turubai lilikuwa pale pale, na mawe yake. Mfereji ulikuwa umejaa maji, yakipita pembeni na kumwagika shimoni, mahali mlima ulipokatikia. Jackline alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya turubai, akatoa vumbi kavu.

"Nani amefunika?"

"Mimi."

"Kwa nini, baba?"

"Watu walikuwa na msiba. Mjane aliomba honi isilie mpaka arobaini. Nikamwahidi."

Jackline aliketi kwenye matope na suruali yake ya ofisini. Na yeye alikuwa mtoto wa milima hii, alikuwa amekaa kwenye matanga ya kwao, kwa hiyo hakuuliza ahadi hiyo ilikuwa na maana gani.

"Ungenipigia," akasema.

"Ulisema nisikisogelee. Niliogopa."

"Baba, honi na kipimo ni vitu viwili. Honi naizima ofisini kwa kidole. Ningeizima mpaka arobaini, kipimo kingebaki kinapima, na jana usiku ningekuwa nimewapigia simu mmoja mmoja. Kimya kimya. Mama angebebwa jana usiku."

Sefania hakuelewa mara moja. Aliinamia lile bomba, akalitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Ni vitu viwili?"

"Ni vitu viwili."

Akaanza kuondoa mawe. Aliyaondoa moja moja, akiyapanga pembeni, na Jackline alimwacha ayamalize mwenyewe. Turubai lilipotoka, mvua ikaanza kupiga udongo mkavu, na Sefania akalia kwa sauti, bila kujifunika uso.

Jioni ile alikwenda kwa mwenyekiti, kwa mchungaji, kisha kwa Bertha, na kote aliyasema yote, hata ile simu ya manyunyu. Hakuna aliyemgombeza. Bertha alipiga kifua chake mwenyewe akasema ni yeye aliyeomba. Raheli alikaa uani mpaka giza likaingia, na hakumnunia mumewe, kwa sababu na yeye alikuwa amesimama pale mlangoni kwa mama akangoja mwingine aseme.

*

Bibi Sesilia alikuwa amesema siku nyingi kwamba atalazwa karibu na mumewe, na kaburi la mumewe lilikuwa limenusurika, pembeni kidogo mwa mteremko. Jackline alishauri wamzike kanisani. Ukoo ukakataa, mwenyekiti akaruhusu, kwa sharti kwamba ibada iwe fupi. Ilikuwa fupi. Jeneza lilikuwa limeshawekwa juu ya mihimili miwili mdomoni mwa kaburi, na kamba zilikuwa zinapitishwa, honi ya shuleni ilipolia.

Hakuna aliyekimbia. Watu walisimama walipokuwa, wakamtazama Sefania. Mchungaji alifunga kitabu na kukifungua tena. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwacha mwanamke yule peke yake.

Bertha alikwenda akaketi kwenye benchi, akaweka mikono mapajani.

"Nendeni," akasema. "Mimi nakaa naye. Yeye alikaa na wangu."

Sefania aliacha kamba yake chini. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, simama."

"Halafu nani atakaa naye?"

"Hakuna."

"Sefania, huyu ni mama yako."

"Ni mama yangu. Simama twende."

Bertha hakusimama. Basi Sefania akamgeuzia mgongo, akamvuta mikono yote miwili mabegani mwake, akamnyanyua, akaanza kupanda naye. Hapo ndipo watu nao wakapanda, wazee na watoto mbele, bila kusukumana. Bertha alilia njia nzima, shavu lake juu ya suti ile ile ya arobaini, ambayo tope lake lilikuwa halijatoka hata baada ya kufuliwa.

Huko kanisani walisimama ukingoni, mvua ikiwapiga, wakitazama chini. Jeneza lilionekana dogo, juu ya mihimili yake, na benchi tupu kando. Honi iliendelea. Mwenyekiti Anord alimsogelea Sefania akamnong'oneza kama amwambie binti aizime, kwa heshima ya marehemu.

"Iache ilie," Sefania alisema.

Ililia mpaka mvua ilipokata. Jackline aliposema sasa wanaweza, waliteremka, wakamfuta Bibi Sesilia maji juu ya jeneza kwa khanga ya Raheli, wakamshusha taratibu, akalala amenyooka. Mlima ulikuwa umebaki mahali pake, haukumeguka hata donge. Sefania alifukia kaburi mpaka mwisho, kisha akasimama na koleo mkononi katikati ya watu wale waliokimbizwa tena bure, akawatazama usoni mmoja mmoja, akingoja angalau mtu mmoja aseme neno kuhusu karoti. Hakuna aliyesema.